Griti: chenga za mahindi zinapokutana na kamba

"Ya vifaranga hii, dada?"

Kijana wa mashine aliuliza huku mkono uko kwenye swichi. Nilikuwa nimempelekea kilo tano za mahindi meupe, nikamwomba ayakoboe, kisha ayapitishe mara moja tu kwenye wavu wa matundu makubwa, yapasuke yasiwe unga. Mtaani kwetu Tanga, anayeagiza hivyo ana banda la kuku. Nikamjibu ni ya kula mimi, tena na kamba wa baharini. Akanitazama, akayatazama mahindi, akasema, "Haya, lakini usirudi kunidai unga wako."

Simlaumu. Nilichokuwa nakitafuta nilikizoea Savannah, jimbo la Georgia, nilikoishi miaka miwili. Wenyeji hukiita grits, na mimi hapa nitaandika griti. Muulize mtu wa Kusini mwa Marekani griti ni nini, atakuwekea sahani badala ya jibu. Muulize Mswahili mwenzangu aliyeionja mara moja hotelini, atakwambia ni uji uliozidi unga au ugali uliozidi maji. Nami nilisema hivyohivyo siku ya kwanza, na kosa hilo lilinigharimu sufuria moja ya griti na aibu mbele ya wageni. Nitaifikia aibu hiyo. Kwanza tuliweke jina mahali pake, maana jina ndilo linalowachanganya hata wenye chakula chao.

Kiswahili kina neno linalotosha kabisa: chenga. Chenga za mchele tunazijua, zile punje zilizovunjika kinuni ambazo muuza duka huziuza bei ya chini na ambazo ni nzuri kwa uji. Griti ni chenga za mahindi. Neno lenyewe la Kiingereza lilikuwapo kabla Mwingereza hajaliona hindi; lilimaanisha nafaka yoyote iliyosagwa kwa ukwaruzo. Waingereza walipoanzisha makazi yao Jamestown, Virginia, mwaka 1607, waliwakuta wenyeji, Wapowhatan, wakitwanga mahindi na kuyapika yakiwa vipande. Chakula kikatoka kwa wenyeji, jina likatoka Uingereza. Huko kusini zaidi Wamuskogi, wenyeji wengine, walikuwa na uji wao wa mahindi yaliyopasuliwa, unaoitwa sofki, na vizazi vyao wanaupika mpaka leo.

Chukua punje moja ya hindi kavu uipasue kwa meno. Nje kuna ganda. Chini, upande uliokuwa umeshika gunzi, kuna kiini, kile kijicho laini chenye mafuta. Kilichobaki ni wanga, sehemu yake moja ngumu kama kioo na nyingine laini ya unga. Punje ikipondwa, sehemu laini huwa vumbi, ile ngumu hukatika vipande vipande, ganda hupeperuka. Bibi zetu wakipepeta kwenye ungo walizitenga hizo zote bila kusoma kitabu: unga huku, chenga huku, pumba kule. Kusini mwa Marekani walifanya vivyo hivyo kwa mawe ya kusagia na chekeche. Vumbi likawa mkate wa mahindi, vipande vikawa griti. Mahindi ni yale yale, mashine ni ile ile. Sisi tulichagua vumbi tukaita ugali.

Tena huo uhusiano wa mahindi ni wa karibu kuliko unavyodhani. Kuna aina ya zamani ya mahindi meupe ya Marekani yenye punje pana, bapa, iitwayo Hickory King, inayosifiwa mpaka leo na wapika griti. Ilipelekwa Afrika Kusini, na mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wakaileta Kenya, ikachanganyika na nyingine mashambani mwao. Mahindi meupe ya Kitale yalitokana na mchanganyiko huo, ambao baadaye uliingia kwenye mbegu chotara iliyotolewa mwaka 1964. Kwa hiyo anayesonga ugali mweupe Eldoret na anayekoroga griti nyeupe Georgia wanaweza kuwa wanapika binamu wawili.

Dukani mambo huanza kupinda. Ukiingia duka la vyakula huko utakuta mifuko na maboksi yameandikwa jina moja na ndani mna vitu tofauti. Griti ya jiwe husagwa na kiini chake. Ina madoa madoa, inanukia kama mahindi mabichi yaliyomenywa sasa hivi, nayo huchukua saa nzima au zaidi jikoni. Kwa kuwa kiini kina mafuta, ukiiacha kabatini wakati wa joto inaoza harufu, kama dona iliyokaa sana. Mahali pake ni kwenye friji. Halafu kuna za boksi, zilizotolewa kiini na kusagwa ndogo zaidi, nyingine za dakika ishirini na nyingine za dakika tano. Hizo ni ndugu wa sembe: nyeupe, zinadumu, hazina harufu wala hadithi. Mwisho kuna za pakiti, ambazo zilishapikwa kiwandani zikakaushwa, na wewe unamwaga maji ya moto tu. Za dakika tano mtu anaweza kuzitetea asubuhi ya kazi. Za pakiti mimi nimezitumia kubandikia karatasi za watoto.

Na juu ya vurugu hiyo kuna neno homini, linalotokana na lugha ya Wapowhatan. Kwa kawaida homini ni punje nzima zilizochemshwa na maji ya majivu au chokaa mpaka ganda likatoka, zikavimba. Mkamba wa Kenya akiiona atasema ni muthokoi, ingawa muthokoi hutolewa ganda kwa kutwangwa, si kwa majivu. Sasa nenda Charleston, South Carolina: wazee wa mji huo walizoea kuiita griti mbichi griti, na ikishaiva wakaiita homini. Ni kama sisi na mchele na wali. Mgeni asiyejua hilo husoma mapishi ya zamani ya mji ule na kwenda kununua kitu kingine kabisa. Siku hizi maboksi mengi yanayoandikwa homini hayajawahi kuonja majivu. Jina limebaki, kazi imeondoka.

Kazi hiyo ya majivu haikuwa mapambo. Hindi lina vitamini iitwayo niasini, lakini sehemu kubwa ya niasini hiyo imefungwa na tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Majivu au chokaa huifungua. Watu wa Meksiko, ambao ndio waliolilea hindi tangu lilipokuwa jani la porini, waliyachemsha mahindi yao na chokaa, wakayaacha usiku kucha, wakayaosha ndipo wakasaga. Wenyeji wa Amerika Kaskazini walitumia majivu ya kuni. Magadi yetu tunayotia kwenye makande ili yaive upesi ni jamaa wa mbali wa ujuzi huo, ila sisi hatulazi wala hatuoshi. Wazungu walipolichukua hindi walichukua punje, wakaiacha namna ya kuipika. Karne mbili baadaye maskini wa kaskazini mwa Italia waliokuwa wakiishi kwa mahindi walianza kubabuka ngozi, kuharisha na kupoteza akili, na jina la ugonjwa likatoka kwao: pelagra, yaani ngozi iliyokwaruza.

Kusini mwa Marekani kulipigwa zaidi mwanzoni mwa karne ya 20. Viwanda vilikuwa vimeanza kutumia mashine zinazong'oa kiini ili unga na griti zisafiri mbali bila kuoza, na kiini kilikwenda na virutubisho vyake. Maskini wa mashamba ya pamba, weusi kwa weupe, walikula griti na mkate wa mahindi, mafuta ya nguruwe na sharubati ya miwa, asubuhi hadi usiku. Maelfu walikufa. Madaktari wengi walishikilia kuwa ni maambukizi. Mwaka 1914 serikali ikamtuma daktari Joseph Goldberger, mtoto wa wahamiaji aliyekulia New York, naye akagundua jambo dogo kwa macho tu: kwenye hospitali za vichaa na nyumba za yatima wagonjwa waliugua, wauguzi hawakuugua. Ugonjwa gani wa kuambukiza unaochagua mishahara?

Mwaka 1915, katika shamba la magereza la Rankin, Mississippi, wafungwa walijitolea kula chakula cha maskini, griti ikiwemo, kwa ahadi ya msamaha wa gavana. Walifika mwisho 11, na 6 kati yao wakaonyesha dalili. Waliokuwa wanabisha wakaendelea kubisha. Basi mwaka 1916 Goldberger na wenzake, pamoja na mke wake, wakajidunga damu ya wagonjwa. Wengine wakameza magamba ya ngozi yao yaliyosongwa na unga kuwa vidonge. Hakuna aliyeugua. Alifariki mwaka 1929 bila kuijua vitamini yenyewe. Conrad Elvehjem wa Wisconsin ndiye aliyeitambua mwaka 1937. Ndiyo maana leo boksi la griti ya kiwandani limeandikwa kuwa limeongezwa vitamini: wanarudisha kwa kijiko kilichotolewa kwa mashine.

Usidhani hiyo ni habari ya mbali. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra, zaidi ya watu 18,000, baada ya karanga kukatika kwenye mgao wao na kubaki mahindi. Karanga tu. Mboga ndiyo inayotulinda sisi walaji wa ugali, na ndiyo iliyowalinda pia watu wa pwani ya Georgia na Carolina, waliokuwa na bahari mlangoni.

Hao ndio Gullah, au Geechee kama wanavyoitwa Georgia: wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani kwenye mashamba ya mpunga na pamba ya visiwa na mabwawa ya pwani, kutoka North Carolina hadi Florida. Mwaka 2006 bunge la Marekani liliitambua pwani hiyo kuwa ukanda wa urithi wao. Wengi walitoka Afrika Magharibi, na wengi vilevile walitoka Kongo na Angola, na lugha haikusahau. Mtaalamu wa lugha Lorenzo Dow Turner alichapisha mwaka 1949 matokeo ya miaka mingi ya kukusanya maneno ya Kiafrika vinywani mwao. Karanga huitwa goober, na Mkongomani yeyote atasikia mle nguba yake. Mchuzi wa bamia wa Louisiana, gumbo, umebeba jina la bamia la lugha za Kibantu za Angola.

Mpunga waliulima wao, mchele mzuri ukapanda meli. Kilichobaki kwao ni chenga za mchele, na mgao wa mahindi: kwenye visiwa vile kipimo cha kawaida kilikuwa kama lita tisa za mahindi kwa mtu mzima kwa wiki, mara nyingi punje nzima, usage mwenyewe usiku. Lakini kazi ya mpunga ilipimwa kwa ngwe. Aliyemaliza ngwe yake alasiri alikuwa na saa chache za kwake, na saa hizo akazipeleka kwenye vijito vya maji ya chumvi akiwa na kimia alichokisuka kwa mkono wake. Kimia kilileta kamba wadogo, mkizi na kaa. Mahindi ya bwana, kamba wa Mungu. Chakula ambacho leo kinauzwa kwa bei ya kutisha kwenye mahoteli kilianzia kwa watu ambao mgao wao haukutosha.

Kamba hao walikuwa chakula cha asubuhi. Charleston ya mwanzo wa karne ya 20 iliamshwa na wachuuzi weusi waliopita mitaani wakinadi kamba wabichi kwa lafudhi yao, swimp, swimp. Mapishi yaliyoandikwa ya mwaka 1930 kutoka mji huo yanakufanya ucheke kwa ufupi wake: kamba, siagi nyingi, chumvi na pilipili, kwenye sufuria mpaka wapate moto, kisha juu ya homini, yaani griti iliyoiva. Hakuna jibini. Hakuna kitunguu hata kimoja.

Jibini na mbwembwe zililetwa na mpishi Bill Neal, kwenye mgahawa wake Crook's Corner, Chapel Hill, North Carolina, uliofunguliwa mwaka 1982. Aliiweka griti kwenye chakula cha jioni, akaikoroga na jibini, juu yake akatia kamba, bekoni, uyoga, majani ya kitunguu, kitunguu saumu na limau. Mwaka 1985 Craig Claiborne, mwandishi wa mapishi wa gazeti la New York Times na mzaliwa wa Mississippi, akauandika. Baada ya hapo hakuna mgahawa wa Kusini uliotaka kupitwa, na mwaka 2002 Georgia ikaifanya griti kuwa chakula rasmi kilichopikwa cha jimbo. Huko St. George, South Carolina, kuna tamasha ambapo watu hugaagaa ndani ya dimbwi la griti na mshindi ni aliyebaki na nyingi zaidi nguoni. Bibi yangu angelia.

Kwenye meza nyingine za Kusini griti hukutana na samaki wengine, na hapo unaijua pwani kwa sahani. Upande wa magharibi wa Florida ni mkizi wa kukaanga au wa moshi. Yule yule wa hasira za mkizi tijara ya mvuvi, na huko nako huruka majini kama ametukanwa. Key West hula samaki wadogo wanaokoroma wakitolewa majini. Mississippi ya ndani, mbali na chumvi, ni kambale aliyeviringishwa kwenye unga wa mahindi. Familia nyingi za weusi, hata zilizohamia miji ya kaskazini, huamka Jumapili na kababu za samoni wa kopo juu ya griti, na mimi nakiri kwamba hizo ndizo ninazozikosa kuliko zote.

Sahani yangu ya kwanza aliniandalia bibi mmoja jirani, mzaliwa wa visiwani. Bakuli la griti nyeupe, mchuzi wa kahawia, kamba wamejikunja juu. Mgeni mwingine, mtu wa kaskazini, akaomba sukari. Bibi hakusema kitu. Alilisogeza kopo la chumvi mbele yake, polepole, akaendelea kunywa kahawa. Hivyo ndivyo nilivyojua upande wa kusimama: uji wa sukari ni chakula kingine, hiki ni cha chumvi.

Sasa jikoni, na ile aibu. Wiki mbili baadaye niliwaalika watu nikapika griti kama nilivyofundishwa kusonga. Maji yakachemka, nikamwaga, nikashika mwiko nikakandamiza. Dakika kumi na tano, ikashikana, ikaachana na sufuria. Nikaepua. Wageni wakatafuna. Ilikuwa kama kula ugali uliopikiwa ufukweni, mchanga kila tonge. Mmoja akasema kwa adabu kwamba ina ladha nzuri ya mahindi.

Kilichotokea ni rahisi kukielewa ukikitazama kipande kimoja cha chenga. Wanga wa mahindi huvimba na kulainika ukifika nyuzi joto kama 70 na ukiwa na maji. Kwenye unga wa ugali chembe ni ndogo mno, joto na maji vinafika ndani papo hapo, kazi inakwisha upesi, na nguvu ya mkono ni ya kuondoa mabuja. Kwenye chenga joto linafika mapema lakini maji yanachelewa. Ngozi ya nje ya kipande inavimba, inatoa ute, ute unashika maji yote ya sufuria, na ndani bado kukavu. Sufuria inakudanganya kwamba imeiva. Dawa yake ni maji mengi na subira. Mwiko wa nguvu hausaidii kitu.

Kwa hiyo usiku uliotangulia mimi huloweka kikombe kimoja cha chenga kwenye vikombe vinne vya maji. Naikoroga mara moja, naacha itulie, kisha natoa kwa kijiko wishwa zinazoelea juu, kama unavyoosha mchele wa kijijini. Maji yale simwagi, yana wanga. Asubuhi nayaweka yote jikoni pamoja, kuanzia baridi, na nakoroga bila kuondoka mpaka yaanze kushikana, kama dakika nane au kumi. Hapo ndipo panapotengeneza mabuja na ukoko, ukipita salama hapo umemaliza vita. Kisha moto unashushwa hadi mwisho kabisa, sufuria inafunikwa nusu, inapumua kwa povu moja moja kama matope ya mkoko maji yakitoka. Kila baada ya dakika chache nakwangua chini. Ikikauka naongeza maji ya moto, hata vikombe viwili, bila hofu. Chumvi natia katikati. Chenga za mashine yetu zinachukua saa moja. Zikiwa kubwa, saa na nusu.

Namna ya kujua imeiva: weka kidogo kati ya meno ya mbele. Ukisikia mchanga, rudi kwenye kiti. Ikiiva inakuwa laini lakini kila chembe bado inajulikana, kama wali wa chenga ulioiva vizuri. Ukiimwaga kwenye sahani ienee yenyewe, pole pole, isisimame kama ugali wala isikimbie kama uji. Ndipo inaingia nusu kikombe cha maziwa na siagi kipande kizuri. Jibini natia konzi moja tu, ile kali. Migahawa hutia mpaka griti inakuwa mchuzi wa jibini na kamba anageuka pambo, hapo simo.

Kamba wawe na vichwa. Hili sibishani na mtu. Waliomenywa na kugandishwa wana nyama, lakini ladha yote imeshatupwa kwenye ndoo ya mtu mwingine. Kwetu tunao kamba weupe wa Bagamoyo na Rufiji, jamaa wa karibu wa wale weupe wa Carolina. Nunua nusu kilo au zaidi kidogo, vua maganda na vichwa, tia vichwa kwenye mafuta ya moto uvikaange huku ukivikandamiza mpaka viwe vyekundu na jikoni kunukie hadi jirani aulize. Tia vikombe vitatu vya maji, dakika ishirini, chuja. Hiyo ndiyo supu itakayofanya kazi.

Kwao mchuzi huanza na bekoni. Mimi nyumbani kwangu haiingii, natumia mafuta ya ng'ombe na kipande cha nyama kavu ya moshi kilichokatwakatwa. Kwenye mafuta hayo natia kijiko kikubwa cha unga wa ngano na kukoroga mpaka uwe rangi ya karanga iliyokaangwa. Ukizidi hapo unakuwa mchungu, anza upya. Kitunguu, hoho, kitunguu saumu, vilainike. Supu ya vichwa inaingia kidogo kidogo mpaka mchuzi uwe mzito wa kupaka mgongo wa kijiko. Kamba mwisho kabisa, dakika mbili, tatu wakiwa wakubwa. Mkunjo wao ndio saa: akijikunja kama kipuli kilichoachia kidogo, ameiva, akifunga kuwa pete, umechelewa. Ndimu, pilipili, majani ya kitunguu, mezani.

Tui la nazi nimejaribu, kwa kuwa nilijua mtaniuliza. Ni tamu sana. Lakini griti ikishaonja tui inakuwa uji wa nazi, na kamba wanakuwa kamba wa nazi, na hapo mtu apike wali tu. Chakula hiki kinataka mahindi yasikike.

Itakayobaki usiitupe. Imwage kwenye sinia iliyopakwa mafuta, iache ilale. Kesho yake imeganda, unaikata vipande vya mraba, unavipaka unga kidogo na kuvikaanga mpaka nje vilie na ndani vibaki laini. Mama yangu, ambaye griti yenyewe aliionja kijiko kimoja akauliza ugali uko wapi, hula vipande hivyo vinne na chai ya rangi.

Kijana wa mashine siku hizi haniulizi habari za kuku. Wiki iliyopita aliniita nikiwa napita kwa upande wa pili wa barabara akataka kujua kama lazima kamba wawe wabichi, maana mkewe ana uduvi mkavu wa kutosha ndani. Nikamwambia aanze na huo huo: aukaange bila mafuta mpaka utoe harufu, autwange nusu, nusu aichemshe iwe supu. Uduvi ni vichwa na maganda yake yote, hakuna kilichotupwa. Akaniuliza maji vikombe vingapi.